Mashamba ya Mawe ya Engaruka

Katika nchi yetu ya Uasin Gishu hakuna mtoto aliyekua asiulize habari za mashimo ya Wasirikwa. Ni mashimo ya duara, mapana kuliko nyumba, mengine yamejengewa mawe kandokando, nayo huonekana kwenye miteremko ya vilima popote ambapo trekta haijapita. Ukiwauliza wazee, hukujibu kwamba watu waliokaa hapa zamani, kabla ya Wanandi na kabla ya Wamaasai, waliitwa Wasirikwa. Kwamba walikuwa na ng'ombe wengi. Na kwamba walipozidiwa na adui zao walikusanya mifugo yao wakaenda kusini, hata habari zao zikapotea katika nchi ya Tanganyika. Jina lao tunalo hata leo, maana hoteli moja mashuhuri ya mjini Eldoret imeitwa kwa jina hilo. Lakini wao wenyewe hawapo.

Neno hilo la "kusini" ndilo lililonipeleka Engaruka. Mwezi wa Agosti, mahindi yakiwa yamekwisha kupaliliwa na kutiwa mbolea ya pili, nilitoka hapa Plateau nikaenda Arusha kwa arusi ya mtoto wa dada yangu. Huko arusini niliketi karibu na mwalimu mmoja wa shule ya sekondari, mtu mwenye maneno machache, naye aliposikia nimetoka Uasin Gishu akaniuliza kama mashimo ya Wasirikwa yangaliko. Nilistaajabu, maana sikutazamia kuulizwa swali hilo na mtu wa Tanzania. Akanieleza kuwa mwendo wa nusu siku kutoka Arusha, chini ya genge la Bonde la Ufa, kuna magofu ya vijiji vya mawe na mashamba ya kale yaliyotajwa katika vitabu vya Ulaya tangu karne ya 19, na kwamba mpaka leo wataalamu hawajakubaliana ni kabila gani la sasa lililozaliwa na watu wale. Nikafikiri moyoni, Je, si hawa Wasirikwa wetu? Jamaa zangu walinicheka, wakasema kwamba watu huja Arusha kutoka pande zote za dunia kutazama simba na tembo, ila mimi nimekuja kutazama mawe, na mawe ninayo shambani.

Basi siku ya tatu baada ya arusi nikapanda basi mpaka Mto wa Mbu, mji mdogo wenye ndizi nyingi na joto jingi, na hapo nikaungana na wasafiri wengine watatu tukakodi motakaa moja. Toka Mto wa Mbu mpaka Engaruka ni yapata kilometa 60 kuelekea kaskazini. Upande wa kushoto genge linakufuata njia nzima kama ukuta. Upande wa kulia ni mbuga kavu, nyeupe kwa vumbi, na ng'ombe wa Wamaasai wakitembea katika vumbi hilo hata huoni miguu yao. Mbele yetu ulionekana mlima Ol Doinyo Lengai, ambao maana yake ni Mlima wa Mungu, nao ni mlima wa moto ulio hai. Ulitoa moto na majivu mengi mwaka 2007 na 2008. Mtu aliyezoea mvua ya Plateau na baridi yake ya asubuhi, kwenye urefu wa zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, hujiuliza mahali kama hapa mkulima angefuata nini.

Jawabu nililipata tulipofika. Katika genge lile mna ufa, na katika ufa ule hutoka mto Engaruka, maji safi yanayoshuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro. Mto huo hautiririki mbali. Ukifika mbugani hupungua, kisha hutoweka mchangani. Lakini pale unapotoka milimani pana majani mabichi, migomba, mahindi na maharagwe ya wanakijiji wa sasa, yote yakinyweshwa kwa mifereji. Tuliacha motakaa Engaruka Juu, tukalipa ada, tukapewa kijana wa Kimaasai atuongoze. Alikuwa mpole na mwenye adabu, akatuamkia "Shikamoo" kila mmoja kwa zamu yake. Sisi wa bara ya Kenya tumeiacha salamu hiyo, nami naona tumepoteza kitu.

Napenda kuwaonya wasomaji. Mtu anayetazamia kuta ndefu kama za Fort Jesus ya Mombasa, au misikiti kama ya Gedi, atarudi na huzuni. Mara ya kwanza huoni kitu ila mawe meusi yaliyotapakaa kati ya miiba. Mmoja wa wenzangu alikaa chini ya mti kwa dakika chache, kisha akarudi motakaani kulala. Lakini ukitembea polepole, na ukiwa wewe mwenyewe umepata kushika jembe, macho hufunguka. Mawe yale hayakutapakaa. Yamepangwa. Mistari ya mawe inakatana na mistari mingine, na kati yake mna vishamba vidogo vilivyosawazishwa, kimoja baada ya kingine, kila kimoja chini kidogo kuliko mwenziwe, ili maji yakijaa juu yashuke kwenye kinachofuata. Kando yake unaiona mifereji, mingine imefukiwa, mingine bado ina kingo zake za mawe. Mwongozaji wetu akasema twende, twende, na tulipokuwa tumetembea zaidi ya saa moja bado tulikuwa ndani ya shamba lile lile. Wataalamu wamelipima, wakaona kwamba mashamba hayo yote pamoja ni kiasi cha kilometa 20 za mraba, yaani eka karibu 5,000. Hapa kwetu eka 5,000 zilikuwa mali ya mlowezi mmoja au wawili. Huko zililimwa kwa mkono, na kila jiwe liliokotwa kwa mkono likawekwa mahali pake.

Vijiji vyenyewe viko juu ya mashamba, kwenye mteremko chini ya genge, navyo vilikuwa saba. Hapo tulipanda kwa taabu. Wajenzi waliukata mlima wakafanya viwanja vya nyumba, kila kiwanja kina ukuta wa mawe nyuma ili udongo usiporomoke, na ukuta mwingine mbele wa kukishikilia, na mahali pengine njia iliyotandikwa mawe ya kupandia. Hakuna chokaa wala saruji, bali jiwe juu ya jiwe. Nyumba zenyewe zilikuwa za miti na majani, kwa hiyo zimekwisha, yakabaki makao yake tu. Nilisimama katika kiwanja kimoja, nikanyosha mikono, nikaona kingetosha kitanda, mafiga na mtu wa kuketi. Kutoka mahali hapo mwenye nyumba aliweza kuona mashamba yote yaliyo chini, na kumjua mara moja jirani aliyeiba maji.

Sasa nieleze habari za wale waliochunguza, maana nchi hii imesemwa mengi. Mzungu wa kwanza kuandika habari za mawe hayo alikuwa daktari Mjerumani Gustav Fischer, aliyepita mwaka 1883. Mwaka 1913 akaja Hans Reck, na mwaka 1935 Louis Leakey, yule yule aliyesifika baadaye kwa kazi ya Olduvai. Leakey alihesabu nyumba, akakadiria kwamba zilikuwa zaidi ya 6,000 na kwamba watu walikuwa 30,000 hata 40,000. Hesabu hiyo ilienea mbali, na mwandishi Mwingereza Basil Davidson akaitangaza katika kitabu chake cha mwaka 1959 kuonyesha ya kuwa Afrika ilikuwa na miji yake kabla ya wageni. Waliofuata, kama Hamo Sassoon katika miaka ya 1960 na John Sutton baada yake, walichimba kwa uangalifu zaidi, wakaipunguza. Waliona kwamba nyumba zote hazikukaliwa wakati mmoja, kwa hiyo watu wale walikuwa elfu chache tu. Mimi sikuhuzunika kusikia hivyo. Watu elfu chache wakifanya kazi ile wanastahili sifa kubwa kuliko watu 40,000.

Katika kuchimba zilipatikana punje za mtama zilizoungua, mifupa ya ng'ombe na ya mbuzi, vyungu, na shanga chache. Wataalamu wanasema kwamba watu walikaa hapo tangu karne ya 15 hata karne ya 18, kisha wakatoweka. Siku hizi uchunguzi umeendelea, na mtaalamu Daryl Stump ameonyesha kwamba mashamba mengine hayakuwa udongo wa asili. Wakulima wale walijenga kuta za mawe katika njia ya maji, wakayaacha maji ya mafuriko yalete tope, tope likatua nyuma ya kuta, wakapata udongo mpya wenye rutuba mahali palipokuwa na mawe matupu. Sisi tunaokaa tukiutazama udongo wetu ukishuka mtoni kila masika, rangi ya damu, tungefaa kulifikiri sana jambo hilo. Wao waliukamata udongo wa wenzao wa mlimani wakaulima.

Je, walikuwa Wasirikwa? Hilo ndilo swali nililokwenda nalo, nami sharti nilijibu. Zamani, wageni waliochunguza kazi za mawe za nchi zetu hawakutaka kuamini kwamba zilijengwa na watu wa hapa. Bwana G. W. B. Huntingford, aliyekaa miaka mingi miongoni mwa Wanandi, aliandika mwaka 1933 kwamba ziko kazi za taifa la kale alilolipa jina la Azania, akalitofautisha na wenyeji. Sutton alipoyachimba mashimo ya nchi zetu katika miaka ya 1960 aliona mambo mengine kabisa. Shimo la Sirikwa lilikuwa zizi la ng'ombe. Lilichimbwa katika mteremko ili ng'ombe wakae salama usiku, mlango ukawekwa upande wa chini, na samadi na tope vikatupwa nje hata vikafanya kichuguu. Nyumba ya wenyewe ilijengwa ubavuni mwa zizi, na mtu aliiingia kwa kupita zizini. Mary Leakey naye alikuwa amekwisha kuchimba mashimo ya namna hiyo huko Hyrax Hill karibu na Nakuru mwaka 1937 na 1938. Wasirikwa walikuwa watu wa maziwa na nyama, waliotawanyika juu ya vilima tangu yapata mwaka 1200 hata miaka ya 1700. Watu wa Engaruka walikuwa watu wa mtama na maji, waliosongamana mahali pamoja. Waliishi zama moja kwa sehemu kubwa, lakini kazi zao hazifanani, na hao wataalamu wanawaona kuwa watu mbalimbali.

Wazee wetu basi walisema kweli kwamba walikuwako watu, na kwamba ng'ombe ndiyo mali yao. Hayo yamethibitishwa na jembe la mchimbuaji. Juu ya safari ya kusini, mawe ya Engaruka hayakuwa shahidi wao. Yaelekea wengi wa Wasirikwa hawakwenda popote, bali waliingia katika koo za Wakalenjin na za Wamaasai, wakasahau jina. Hata katika koo zetu wako wanaojulikana kuwa ni wazao wao. Nilipowaza hayo pale juu ya kilima cha ugenini, nilicheka peke yangu, kwamba huenda nimesafiri nchi mbili nikimtafuta mtu aliyebaki nyumbani.

Hata hivyo kuna jambo moja lililowaunganisha watu wale na sisi, nalo ni ng'ombe wa zizini. Katika mashamba ya Engaruka tuliona mazizi ya duara yaliyojengwa kwa mawe, na Sutton aliamini kwamba ng'ombe walifungwa humo wakaletewa majani, ili samadi yao itiwe mashambani, kama wafanyavyo mpaka leo watu wa kisiwa cha Ukara katika ziwa Victoria na Wakonso wa Ethiopia. Mabwana shamba wetu hutufundisha kufuga ng'ombe bandani kana kwamba ni elimu iliyoshuka jana kutoka Ulaya. Mkulima wa Engaruka angewasikiliza kwa heshima, kisha angeendelea na kazi yake.

Hapa sina budi kutaja shauri lililoko katika ukoo wetu. Katika shamba tuliloachiwa na marehemu baba kuna shimo moja la Sirikwa, zuri, lenye mawe yake karibu yote. Upana wake ni hatua kumi na tano. Mdogo wangu, ambaye ndiye anayelima upande huo, amekwisha kusema mara nyingi kwamba atalifukia. Sababu zake si za kipumbavu. Trekta inalazimika kulizunguka, na kila izungukapo inaacha pembe isiyolimwa. Ndama mmoja alivunjika mguu humo. Na shamba lililogawanywa kwa watoto wanane halina nafasi ya kuweka ukumbusho wa watu wasiojulikana. Majirani wengi wamekwisha kuyafukia ya kwao. Mimi nilikuwa nikimjibu kwamba tuliache tu, lakini nilipoulizwa kwa nini, sikuwa na neno zaidi ya kusema kwamba lilikuwako tulipokuja. Pale Engaruka, nikitazama mazizi yale yakilindwa na serikali, watu wakilipa fedha ili wayaone, nilipata maneno niliyokuwa nikiyatafuta. Kazi iliyobaki ilikuwa kuyaleta nyumbani.

Tulipokuwa tukishuka tulimkuta mzee mmoja akifungulia maji maharagwe yake kwa jembe. Nikamwamkia, naye akaitikia, "Marahaba, mgeni. Watoka wapi?"

Nikamwambia, "Kenya, mzee. Upande wa Eldoret, mahali paitwapo Plateau."

"Eldoret ya wakimbiaji?"

"Ndiyo, mzee, ila mimi si mmoja wao." Akanitazama tumbo, akakubali.

Nilimwuliza ni nani waliojenga kuta zile. Akasema, "Sisi tuliyakuta mawe haya. Baba yangu aliyakuta, na babu yake aliyakuta. Siwezi kukudanganya na jina. Lakini aliyeyapanga aliyajua maji." Kisha akaonyesha kwa jembe lake mahali mfereji wake unapopita, kando tu ya mfereji wa kale. Akasema kwamba si yeye aliyechagua njia ile. Alipojaribu kupitisha maji mahali pengine, hayakukubali.

Nikamwuliza pia kwa nini waliondoka. Hapo aligeuka akaonyesha genge upande wa kaskazini, mahali ambapo kuna makorongo mengine makavu. Mwongozaji alikuwa ametuonyesha kwamba mifereji ya kale inaanzia hata katika makorongo hayo, ambayo sasa hayana maji ila siku za mvua. Mkulima hachimbi mfereji kutoka mahali pakavu. Bila shaka siku zile vijito hivyo vilikuwa na maji, na vilipokauka, mashamba ya upande ule yalikufa. Wataalamu hutaja na sababu nyingine pia: kwamba udongo ulichoka, kwamba watu walizidi, kwamba Wamaasai walipoingia katika mbuga ile watu wa Engaruka walibanwa wasiwe na pa kupumulia. Sutton aliona kwamba walikuwa wamefungamana mno na mahali pamoja na namna moja ya kilimo, wasiweze kugeuka hali zilipogeuka. Walikokwenda hapajulikani kwa hakika. Wengine huwataja Wasonjo walioko kaskazini, ambao hulima kwa mifereji mpaka leo, na wengine huwataja Wairaqw wa nyanda za juu.

Mzee yule hakusema mengi. Alisema tu, "Mto huu mmoja umebaki, nasi tu wengi." Akarudi kwenye maji yake, maana zamu yake ilikuwa inakwisha.

Jambo moja liliniudhi. Katika sehemu kadhaa kuta zimebomoka, ng'ombe na mbuzi hupita juu yake kila siku, na mawe mengine yamechukuliwa. Siwalaumu sana wanakijiji. Mtu mwenye kujenga nyumba huchukua jiwe lililo karibu. Lakini mahali palipokwisha kutajwa vitabuni kwa zaidi ya miaka 130 panastahili walinzi wengi kuliko niliowaona.

Nilirudi nyumbani kwa njia ya Namanga na Nairobi, nami nilipofika nikamweleza mdogo wangu yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba hadithi ni nzuri, lakini Engaruka iko Tanzania na mahindi yako Plateau. Nikaona kwamba maneno hayatoshi. Nikamwambia, basi, twende tukaone kitu kama kile kilicho hai, si mbali. Maana watu wetu husahau kwamba mifereji kama ya Engaruka tunayo, mwendo wa siku moja kutoka hapa, katika nchi ya Marakwet.

Bonde la Kerio limesumbuliwa na wizi wa mifugo miaka mingi, kwa hiyo tuliuliza kwanza habari za njia, kisha tukaenda kwa Iten na Kapsowar, tukashuka genge mpaka Tot. Mtu aliyeiona Engaruka hushangaa anapofika huko. Genge ni la namna moja, joto ni lile lile, mito hushuka kutoka msituni juu, na chini yake kuna mtama, wimbi, mahindi na maembe. Mifereji hushikamana na majabali kilometa kadhaa, mahali pengine imebebwa na magogo na mawe juu ya shimo la kutisha, na mahali inapoanzia mto umezibwa kwa matawi, mawe na majani. Kila mfereji una ukoo wake au koo zake, na maji hugawanywa kwa zamu. Wazee huketi wakahukumu, na mwenye kuiba maji hutozwa. Mifereji hiyo ilikuwako kabla Mzungu wa kwanza hajafika, na bado inalisha watu. Siku hizi sehemu nyingine zimetiwa saruji na mabomba. Mzee mmoja alituambia kwamba saruji ikipasuka sharti wangojee fundi, bali mawe na majani wao wenyewe huyatengeneza siku hiyo hiyo, na hakusema hivyo kwa kujisifu.

Mdogo wangu ni mkulima kwelikweli, kuliko mimi. Alitembea juu ya mfereji mmoja karibu saa mbili bila kusema neno, akiinama hapa na pale kutazama jinsi maji yanavyoshuka polepole yasichimbe udongo. Aliuliza ni nani aliyepima mteremko. Akaambiwa kwamba walipimwa na maji yenyewe. Akauliza tena kama vijana wa siku hizi wanajua kuyatengeneza, na mzee akajibu kwamba wako wanaojua na wako waliokwenda Eldoret kuendesha pikipiki. Tuliporudi, tukiwa njiani kupanda genge, gari likinguruma kwa taabu, nilimwuliza kama angali na nia ya kufukia lile shimo.

Alikaa kimya mpaka tulipofika Iten, hewa ikawa baridi tena. Ndipo aliposema, "Sikuahidi kitu. Lakini mwaka huu sitalifukia. Ukitaka ndama wasiingie, utalizungushia uzio wewe mwenyewe, kwa fedha yako, na nguzo usizitoe katika miti yangu."

Nguzo 24 nimekwisha kununua, nazo zimelala nyuma ya ghala. Waya bado, maana bei yake imepanda, na mahindi hayajauzwa.